Kidonda cha mdomo: kipande kisafiri, mgonjwa abaki

Ndugu wa Rutshuru, nanyi mliokimbilia Goma, kidonda cha mdomo kinachopita wiki mbili bila kupona si cha kusukutua kwa maji ya chumvi tu, hasa kwa wavuta tumbaku na wanywaji wa kanyanga. Muganga hukata kipande kidogo cha nyama. Maabara inaweza kupima humo protini kama Ki-67, inayoonyesha seli zinavyogawanyika. Ikiwa nyingi, mara nyingi kansa inakimbia. Tunaambiwa barabara ni mbaya. Kweli, kilomita 70 hivi kwa mgonjwa ni mateso. Lakini kipande kikitiwa ndani ya formalini kinasafiri bila mwenyewe. Pikipiki inayoleta chanjo ingeweza kurudi na chupa hiyo.