Tope letu linakula cheni

Ndugu mwandishi, katika makala yako ya baiskeli njia umezieleza vizuri, lakini cheni umeipita haraka mno. Huku kwetu, kuanzia Litein hadi Silibwet, udongo ni mwekundu na unanata kama ugali usioiva. Malori ya majani chai yakishaupondaponda, tope linajaa kwenye fremu mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Kinachoumiza zaidi ni chembe za mchanga zilizomo: zikichanganyika na mafuta ya cheni zinakuwa kama msasa, na kila ukikanyaga pedali unasaga meno ya giya. Mimi nilichelewa kubadilisha cheni moja, nikalazimika kununua na giya zote za nyuma. Siku hizi naipima kila mwezi. Ikirefuka kwa asilimia 0.75, naitoa. Kwenye tope hilo, breki za rimu nazo hukwangua rimu yenyewe hadi inakuwa nyembamba. Za diski huvumilia.

Na tafadhali, msioshe baiskeli kwa mashine ya kuoshea magari! Maji ya nguvu hupenya kwenye beringi na kuondoa grisi. Tumieni ndoo, brashi na kitambaa kikavu, kisha mafuta kidogo. Tena endesheni asubuhi, maana mvua ya Kericho hupenda alasiri.