Msala wa Wavuvi wa Misali



Magharibi ya Pemba, katika Bahari ya Hindi, kuna kisiwa kidogo kiitwacho Misali. Hakina kijiji wala barabara. Wavuvi hufika kwa ngalawa na mashua, hupiga kambi zao ziitwazo dago, hulala humo siku kadhaa, kisha hurudi kwao na samaki. Usiku kasa hupanda mchangani kutaga mayai. Wageni nao huja na mitungi ya hewa mgongoni, ili wazame na kutazama viumbe vya baharini. Tumeona vema kukitafakari kisiwa hiki, ingawa ki mbali nasi na watu wake ni Waislamu, kwa maana tunaamini kwamba wavuvi wake wametutangulia katika jambo ambalo sisi, watu wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Kivu, tungali tunalisitasita.

Wazee wa Pemba husimulia kwamba zamani Nabii Hadhara alifika pale, akawaomba wavuvi msala wa kuswalia. Hawakuwa nao. Basi akawaambia kwamba kisiwa chenyewe, kwa kuwa kimeelekea Makka, ndicho kitakachokuwa msala. Ndivyo kilivyopata jina lake. Mtu akiisha kusikia hayo, kukichafua kisiwa hicho humwia vigumu, kwa sababu hakuna anayetupa takataka mahali anapopigia magoti.

Na kilicho chini ya maji kinastahili heshima hiyo. Tumbawe, ambalo wengi hulidhania kuwa jiwe, ni kazi ya wanyama wadogo mno, wanaojenga nyumba zao za chokaa kwa subira ya miaka mingi. Aina nyingine hukua kiasi cha sentimita moja tu kwa mwaka. Katika mapango ya matumbawe hujificha chewa na pweza. Pono huyakwangua matumbawe kwa meno yake magumu, akila mwani unaoyafunika, na chokaa anayoimeza huitoa ikiwa mchanga. Sehemu ya ufuko mweupe tunaousifu kwenye picha imepita tumboni mwa samaki huyo. Akiondolewa pono, mwani huzidi na matumbawe husongwa. Matumbawe yakifa, samaki hukosa makao. Samaki wakikosekana, mvuvi hulala njaa.

Mzamiaji anayetaka kuyaona hayo hufundishwa nidhamu kwanza. Kwenye kina cha mita 10 tu, mkandamizo huwa mara mbili ya ule wa juu. Akipanda huku amezuia pumzi, hewa iliyomo mapafuni hutanuka na yaweza kumwua. Kwa hiyo huamriwa apumue bila kukoma, apande polepole, wala asishike kitu, maana mkono mmoja au teke moja laweza kuvunja kilichojengwa kwa miongo. Yeye ni mgeni, tena hewa aliyo nayo imepimwa. Laiti sisi sote tungeishi duniani kwa adabu hiyo!

Lakini mgeni huyo huja kutazama, kisha huenda zake. Mvuvi huja kutafuta chakula cha watoto wake. Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili, na hapo ndipo tunapotaka kutoa maoni yetu.

Katika miaka ya 1990 ulikuwapo mpango wa kumkodisha mwekezaji kisiwa hicho kwa ajili ya utalii. Wavuvi wakaupinga, kwa kuwa watu zaidi ya 1,000 walikuwa wakivua katika maji yake. Mwaka 1998 Serikali ya Zanzibar ilikitangaza kuwa eneo la hifadhi. Wavuvi waliruhusiwa kuendelea na kazi yao, ila sehemu moja ya mwamba upande wa magharibi ilitengwa isivuliwe kabisa, ili samaki wazaliane humo na kutoka kuwajaza majirani. Sheria ilikuwa njema. Hata hivyo bahari ni pana na walinzi ni wachache. Katika pwani ya Tanzania watu waliendelea kutumia baruti, ambayo kwa mlipuko mmoja huua samaki wakubwa kwa wadogo na kusaga nyumba yao.

Ndipo waalimu wa dini walipoitwa. Wakawafundisha wavuvi kutoka katika Kurani kwamba mwanadamu ni khalifa, yaani mtunzaji aliyewekwa na Mungu. Kwamba uumbaji una mizani yake. Na kwamba israfu ni dhambi. Mafundisho hayo yalisemwa msikitini, kwa lugha ambayo mvuvi aliijua tangu utotoni. Mlinzi aweza kukwepwa usiku, lakini anayeamini kwamba Mungu anamwona hana usiku wa kujifichia.

Je, sisi hatukufundishwa hayo hayo? Kitabu cha Mwanzo kinatuonyesha mtu aliyewekwa bustanini ailime na kuitunza. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aliitaja miamba ya matumbawe na kuomboleza kufa kwake. Tunalo fundisho. Tunachokikosa ni kulishusha kutoka mimbarani hadi ndani ya mtumbwi.

Kwenye fuko zetu tumeona chandarua, kilichotolewa ili mtoto asiumwe na mbu, kikikokotwa majini kama wavu. Hakichagui. Huzoa vifaranga vya samaki ambavyo vingekuwa chakula cha mwaka ujao. Aliyekishika pengine ni mwana wa parokia, mwimbaji wa kwaya, rafiki yetu. Nasi hununua fungu lake sokoni bila kuuliza neno, kwa kuwa bei ni nafuu. Hatuwezi kumlaumu peke yake.

Tunajua jibu atakalotupa: “Njaa haingoji samaki akue.” Neno hilo ni la kweli, na mhubiri asiyeweza kulisikiliza afadhali anyamaze. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake wa Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi mitatu ni michache kwa samaki, ni mingi kwa sufuria. Kwa hiyo twasema wazi: anayemwomba mvuvi ajizuie, sharti ashiriki gharama ya kujizuia kwake. Vinginevyo tunamtwika maskini msalaba wetu, kisha tunasimama kando kumsifu kwa uvumilivu wake.

Tena kuna jambo ambalo mvuvi hana uwezo nalo. Mwaka huohuo wa 1998 joto la bahari lilipanda, na matumbawe mengi ya magharibi ya Bahari ya Hindi, yakiwamo ya Misali, yakageuka meupe na kufa. Joto hilo halikutoka kwenye ngalawa za Pemba. Je, wavuvi walijizuia bure? Hatudhani hivyo. Mwamba uliojeruhiwa na joto hupona vizuri zaidi pale ambapo pono wamebaki na baruti haikupita. Kujizuia kwao hakukuliondoa baya lote. Kuliacha mahali ambapo uhai uliweza kuanza tena.

Basi tunawaomba vijana wa kila parokia iliyo kando ya ziwa mambo matatu. Kwanza, mwaalikeni mvuvi mmoja katika mkutano wenu, mmsikilize kabla ya kumfundisha. Pili, kataeni kununua ndakala na sambaza wachanga waliozolewa kwa chandarua, na mwaeleze mama zetu sokoni sababu yake. Tatu, anzisheni mfuko mdogo wa kikundi, wa kuwasaidia wavuvi wanaotaka kuacha vyandarua wapate nyavu halali, hata kama mtaanza na mmoja tu kwa mwaka.

Wavuvi wa Pemba walikitazama kisiwa wakaona msala. Nasi hubatizwa kwa maji. Wengine wetu tulibatizwa kwa maji yaliyotekwa katika ziwa hilohilo. Tukumbuke jambo hilo kila tunapolishusha ndani yake wavu.