Mkutano Umekwisha, Kazi Ipi Itangulie?

Siku hizi kijana wa Ujiji aweza kuketi barazani kwao na kompyuta yake, akatunga programu ya simu itakayotumiwa na watu wa miji asiyopata kuiona. Hili ni jambo la kushukuru. Vijana wa namna hii hualikwa katika mikutano mikubwa ya teknolojia, Dar es Salaam, Nairobi, hata Dubai, na mara nyingine jamaa ndio wachangao nauli. Hatuulizi kama waende au wasiende. Twauliza: wakisharudi, ni kazi ipi wataitanguliza?

Hatari yenyewe ni kuwa mikutanoni husifiwa sana kile kilicholeta fedha nyingi. Kijana hurudi na hamu ya kuiga, akapoteza miaka miwili akitengeneza kitu ambacho hapana mtu mjini kwake aliyekihitaji.

Mfano mwema tunao papo hapo ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Mwaka 1960 Bibi Jane Goodall, Mwingereza, alifika Gombe, kaskazini ya mji wa Kigoma, kuchunguza maisha ya sokwe. Kwa miaka ishirini na sita uchunguzi huo ndio uliokuwa shughuli yake kubwa. Mwezi wa Novemba 1986 alihudhuria mkutano wa wataalamu wa sokwe mjini Chicago, Marekani. Huko alisikia jinsi misitu ilivyokuwa ikitoweka Afrika, na sokwe pamoja nayo. Mwenyewe alieleza mara nyingi kwamba aliingia mkutanoni mtaalamu, akatoka mtetezi. Uchunguzi wa Gombe aliwaachia wenzake kuuendeleza, naye akashika kazi hiyo mpya mpaka alipofariki Oktoba 2025, mwenye umri wa miaka 91.

Lakini kubadili nia peke yake hakukutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliruka kwa ndege juu ya Gombe, akaona vilima vilivyoizunguka vimekuwa vitupu. Akatambua kuwa msitu hauwezi kusalimika ikiwa majirani zake wamo katika dhiki. Mwaka 1994 ukaanzishwa mradi wa TACARE katika vijiji kumi na viwili. Watumishi wake, Watanzania, hawakuanza kwa kuwahubiria watu habari za sokwe. Walianza kwa kuwauliza wanahitaji nini. Wanavijiji wakataja afya, maji, chakula na shule. Mambo hayo ndiyo yaliyotangulizwa.

Simu zilikuja baadaye. Wanavijiji waliochaguliwa na vijiji vyao wenyewe walifundishwa kutumia simu za kisasa kuandika waliyoyaona msituni: miti iliyokatwa, mitego iliyotegwa, na dalili za sokwe. Simu ilifaa kwa sababu ilikuta kazi ambayo watu walikwisha kuikubali kuwa ni yao.

Basi kijana arudipo kutoka mkutanoni, na ashuke kwanza Kibirizi, boti za dagaa zitiapo nanga. Awaulize wavuvi, na kina mama waanikao dagaa, ni habari gani wakiikosa hupata hasara. Aangalie simu walizo nazo, na kama mtandao unashika. Mwaka 2024, uvuvi katika ziwa upande wa Tanzania ulipofungwa tangu 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaane, nyumba nyingi zililazimika kutafuta riziki kwingine kwa miezi mitatu. Huenda kijana akiuliza watu walipitaje miezi hiyo, atapata kazi ya kutunga ambayo mkutanoni hakuisikia.

Dini yetu yatufundisha kutengeneza nia kabla ya tendo, na kushauriana katika mambo yetu. Wazazi nao wana sehemu yao. Mwana akirejea safarini, msimwulize tu ameonana na wakubwa gani. Mwulizeni: mwanetu, katika uliyojifunza, lipi litamfaa jirani yetu, nawe umekwisha kumwuliza?