Saa ya bibi: dhahabu au geresha?

Wiki hii nusura tutoane macho nyumbani, kisa saa ya mkono!

Saa yenyewe ni ya bibi, Seiko ndogo ya kike ya kutia ufunguo, inang'aa kidhahabu. Bibi alimpa dada aiuze apate mtaji wa cherehani. Jamaa mmoja mjini akaitazama juu juu: "Elfu ishirini, mashine imekufa." Dada akaja juu, eti dhahabu hiyo, anaibiwa mchana kweupe!

Tukaenda kwa sonara. Hata mizani hakugusa. Aliigeuza mgongo, akatuonyesha herufi SGP. Kumbe maana yake imepakwa maji ya dhahabu tu. Ingekuwa dhahabu kweli, angetafuta 750, yaani karati 18, au 585, karati 14. Hapo ndipo angetoa mashine na kupima uzito. Dada machozi yakamlenga.

Fundi saa naye akasema Seiko za kike za zamani hazina soko kama za kiume. Lakini mashine haijafa ng'o, mafuta yamekauka tu. Akaisafisha, ikaanza tik tik! Kisha akatusomea namba ya mgongoni, inayoanza na 56. Kwa Seiko za zama zile, tarakimu ya kwanza ni mwaka, ya pili mwezi. Basi ni Juni, 1975 au 1985. Nikakumbuka picha ya bibi ya 1979, saa hiyo hiyo mkononi. Kwa hiyo ni 1975.

Mama alizaliwa 1976. Bibi siku zote husema babu alimnunulia saa hiyo alipojifungua mama, na mjomba humcheka kwamba anatunga. Safari hii mjomba kimya!

Tulipomrudishia, bibi aliiweka sikioni, akanyamaza. Halafu akasema, "Iuzeni tu wajukuu zangu. Cherehani italisha watu, saa hailishi." Dada hakujibu, akamfunga mkononi. Cherehani tutaitafuta kwa njia nyingine.

Nawe msomaji, kabla hujauza saa ya zamani, igeuze mgongo kwanza. Usiingizwe mjini, na wala usijiingize mwenyewe!

Tukutane wiki ijayo. Ciao!