Shahada ya Pili ya Uhandisi wa Mitambo Si Kofia

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu nipate kusema na wanachama wenzangu juu ya jambo linalobishaniwa sana katika ofisi na karakana zetu. Kijana aliyekwisha kupata shahada ya kwanza ya uhandisi wa mitambo, akaingia katika utumishi wa Serikali, je, yampasa kurudi chuoni kutafuta shahada ya pili, ndiyo iitwayo uzamili? Wengi hujibu upesi, "Naam, na aende, elimu haina mwisho." Wengine hujibu upesi vile vile, "La, fundi ni mikono, makaratasi hayafungi nati." Mimi nasema majibu yote mawili ni ya uvivu, kwa kuwa hakuna katika hao aliyemwuliza kijana swali moja: unakwenda kutafuta nini?

Kwanza nawaelekea hao wasemao "na aende." Ukiwauliza sababu, hawataji mtambo wala kazi, wataja cheo. Kwao shahada ni kofia. Ya kwanza imekwisha kuvaliwa na watu wengi, basi sharti mtu aivike ya pili juu yake apate kuonekana kwa mbali. Ndugu zangu, kofia mbili hazizidishi akili ya kichwa kimoja. Tena itazameni sheria yenyewe. Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997 haihesabu shahada za mtu ikampa uhandisi. Yamtaka asajiliwe na Bodi, na Bodi yamtaka mhitimu aonyeshe kazi aliyoifanya chini ya uangalizi wa mhandisi mwenye ujuzi. Tangu mwaka 2003 uko mpango wa mafunzo kwa vitendo, wa miaka mitatu, kwa ajili ya vijana hao hao. Basi yule aiachaye miaka hiyo akakimbilia uzamili atarudi na shahada mbili mkononi, na njia ya usajili bado ingali mbele yake.

Wala ubishi huu si wetu peke yetu. Huko Marekani, mwaka 2006, baraza la bodi za mitihani ya wahandisi liliandika katika sheria yake ya mfano kwamba atakaye leseni awe na uzamili au masomo yaliyo sawa nayo. Chama kikubwa cha wahandisi wa mitambo, ASME, kilisimama kupinga. Mwisho maneno yale yaliondolewa kabla ya kuanza kutumika, wala hapakuwa na jimbo hata moja lililoyafanya sheria. Uingereza nao wameshika njia nyingine: mhandisi atakaye daraja la juu la usajili hutazamiwa kuonyesha elimu ya kiasi cha uzamili. Mataifa haya mawili hayakukubaliana, walakini kila moja lilikaa likafikiri. Sisi twafuata mkumbo.

Na mkumbo una bei yake. Aliyesomeshwa kwa mkopo wa Serikali hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi, kama sheria ilivyorekebishwa mwaka 2016. Juu ya hayo aongeze ada ya chuo, kodi ya nyumba, na watoto ambao hawangoji baba au mama amalize kitabu. Mtu aweza kuvumilia hayo kwa ajili ya jambo kubwa. Kuyavumilia kwa ajili ya kofia ni hasara.

Sasa nawageukia wale wa "fundi ni mikono," maana nao wasidhani nimewapa ushindi. James Watt alikuwa fundi wa vyombo katika Chuo Kikuu cha Glasgow, hakuwa na shahada yo yote. Majira ya baridi ya mwaka 1763 kuingia 1764 alipewa mfano mdogo wa mtambo wa mvuke wa Newcomen autengeneze. Fundi wa mikono tu angaliutengeneza akachukua ujira wake. Watt aliuliza kwa nini unakula mvuke mwingi hivi, akapima, akazungumza na mwalimu Joseph Black, mjuzi wa habari za joto lijifichalo katika mvuke, na mwaka 1765 akapata jawabu: mvuke upozwe katika chombo mbali, silinda yenyewe ibaki na moto wake. Na Rudolf Diesel alipita njia ya pili. Alisikia darasani Munich jinsi mtambo wa mvuke upotezavyo sehemu kubwa ya joto lake, akafanya kazi miaka mingi katika mashine za barafu, na swali lile halikumwacha. Mwaka 1897, mjini Augsburg, injini yake ilipimwa ikaonekana yageuza asilimia 26 ya joto kuwa kazi, jambo lisilopata kuonekana katika injini za zamani zake. Mmoja alianza na karakana akaiendea elimu, mwingine alianza na elimu akaiendea karakana. Wote wawili walikuwa na swali. Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Haya basi, nitajuaje kama swali langu ni la shahada ya pili? Nitatoa mifano miwili. Pampu ya maji ya mji ikilia kana kwamba imetiwa changarawe, na gurudumu lake la ndani likaonekana limetobokatoboka, shahada ya kwanza yatosha kabisa. Mhandisi atajua kwamba maji yakivutwa kwa shida hufanya viputo vya mvuke, na viputo vipasukapo hula chuma. Ataishusha pampu au ataifupisha na kuipanua bomba ya kuvutia. Aendaye uzamili kwa ajili ya hilo amekwenda kununua sindano kwa bei ya cherehani.

Ama tazama Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji. Iko mitambo 9 ya namna ya Francis, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115, na wa kwanza ulianza kutoa umeme Februari 2024. Mitambo ya namna hii ikiendeshwa kwa nguvu pungufu, maji yatokayo chini ya gurudumu hujisokota kama kamba izungukayo, yakaupiga mfereji wake mapigo kwa mapigo, hata mtambo ukatetemeka. Kuyapima mapigo hayo, kuyahesabu, na kusema ni wapi pa kuendesha na wapi pa kuepuka, hiyo ni kazi ya miaka miwili ya akili iliyokaa palepale. Walioujenga ni makampuni ya Misri. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni huondoka, na mtambo hubaki na mwenyeji. Swali la namna hii linamstahili kijana wetu, nalo Serikali ikilipe ada yake bila kunung'unika. Hali kadhalika atakaye kufundisha chuoni, maana bila shahada ya pili hapandi kuwa mhadhiri.

Tena liko kosa la wakubwa wetu. Mara ngapi mtu amerudi na uzamili wa mitambo, akapewa meza, akawa wa kutia sahihi hati za petroli? Aliyetumwa kuleta maji akirudi huambiwa ayamwage uani! Tukimlaumu kijana kwa kutafuta kofia, tuwalaumu na wale wasiomwonyesha kitu kingine cha kutafuta.

Kwa hiyo natoa mashauri matatu mbele ya chama. Kwanza, mhandisi asiombe ruhusa ya uzamili kabla hajasajiliwa, ila yule aendaye kufundisha. Pili, katika barua ya maombi aandike swali lake kwa maneno yasiyozidi mistari mitano, na mtambo ulioleta swali hilo. Tatu, mkuu wa idara aandike chini yake ni kazi gani atampa arudipo, naye atie sahihi.

Nanyi makarani msiseme haya hayawahusu. Barua zote hupita mikononi mwenu. Ninyi ndio mjuao zipi zina swali na zipi zina kofia, na faili likikosa mstari mmoja hamshindwi kulirudisha. Lirudisheni na kwa ajili ya hili.

Kijana mwenye swali na aende, tena aende mapema, kabla halijapoa. Asiye nalo na akae karibu na mtambo, ausikilize. Utamwuliza.

Wenu katika utumishi,
Mpenda Kazi