Safari ya Amsterdam Inaanzia Nairobi, Sio Schiphol

Leo naziweka kando kidogo habari za programu, ingawa mtaona mwishowe ninarudi palepale.

Nimeamua kwenda kutembea Amsterdam. Sio kusoma, sio kutafuta kazi, sio kukimbia. Kutembea tu: kuona mifereji, kuona zile nyumba nyembamba zilizobanana, kupanda mashua, kisha nirudi nyumbani Cheptiret. Nilipomweleza mama aliniuliza, "Mwanangu, utatoa pesa zote hizo ukaangalie maji? Si kuna bwawa hapo Kesses?" Majirani nao wana swali lao moja: "Unaenda mbio gani?" Siwalaumu. Huku kwetu mtu akitaja Amsterdam tunamkumbuka Lawrence Cherono, aliyeshinda marathoni ya huko 2017 na 2018, au Wilson Chebet, aliyeishinda miaka mitatu mfululizo kuanzia 2011. Mtu mwenye kitambi kama changu akisema anaenda huko, lazima aulizwe.

Sababu yangu ni hii. Mimi nakula ugali kwa sababu ya Python. Guido van Rossum alianza kuiandika lugha hiyo Desemba 1989 akiwa CWI, taasisi ya utafiti wa hisabati na kompyuta iliyoko Amsterdam. Na kabla yake, mwaka 1956, Edsger Dijkstra alikuwa ameketi kwenye mkahawa mjini humo pamoja na mchumba wake, wamechoka kuzunguka madukani, akabuni kwa muda wa dakika 20 hivi ile kanuni ya kutafuta njia fupi kuliko zote. Ilichapishwa 1959, na hadi leo mawazo yake yamo ndani ya ramani za simu yako. Mji uliotoa mambo hayo mawili, tena uliojengwa juu ya maji, mimi nataka kuuona kwa macho yangu. Hilo halitoshi kuwa sababu?

Sasa tuje kwenye hoja yangu. Nilipoanza kupanga nilifanya kama kila mtu: nilisoma miongozo ya wasafiri, kisha nikaiomba programu moja ya akili unde inipangie siku tano. Ilinipa mpango wa kupendeza kweli. Siku ya kwanza, mifereji ya Herengracht, Keizersgracht na Prinsengracht, iliyochimbwa karne ya 17 na kuingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2010. Siku ya pili, makumbusho. Siku ya tatu, mashua. Hatua ya kwanza kabisa ya mpango huo ilikuwa: nunua tiketi ya ndege mapema, bei ni nafuu. Mwisho kabisa, mstari mmoja tu: hakikisha umeangalia masharti ya viza.

Jamani! Mpango huo umeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye pasipoti nyingine. Kwangu mimi ule mstari wa mwisho ndio safari yenyewe. Kanuni ya Dijkstra haiulizi njia ipi ina vituo vichache, inauliza kila kipande cha njia kinagharimu kiasi gani. Kwa mtu wa kwao huko, kipande cha gharama ni ndege. Kwa mtu wa Cheptiret kipande kizito kuliko vyote ni kile cha kutoka hapa hadi dirisha la maombi ya viza Nairobi, karibu kilomita 300. Na ubaya wake ni kwamba unaweza kukilipia chote usivuke.

Tupige hesabu. Ada ya viza ya Schengen ilikuwa yuro 60, ikawa 80 mwaka 2020, na tangu Juni 2024 ni yuro 90, yaani zaidi ya shilingi 13,000. Juu yake kuna ada ya kampuni inayopokea maombi. Ukinyimwa viza, ada hairudi. Ukiwa unaomba kwa mara ya kwanza huwezi kumtuma mtu, maana lazima utoe alama za vidole mwenyewe. Kwa hiyo ongeza nauli ya Nairobi kwenda na kurudi. Kisha bima ya safari inayolipia matibabu hadi yuro 30,000 angalau. Sasa fikiria kama ulikuwa umenunua na tiketi ya ndege isiyorudishiwa pesa, kwa vile tu bei ilikuwa nafuu.

Kwa hiyo mpango wangu nimeupindua. Unaanza na ushahidi, sio ramani.

Kwanza, miezi sita kabla ya kuomba nilianza kupitisha malipo ya wateja wangu benki. Sisi tunaojiajiri tuna tatizo hili: hatuna mwajiri wa kutuandikia barua, na pesa zetu nyingi zinaingia M-Pesa na kutoka siku hiyohiyo. Mtu akiisoma taarifa yangu ya benki ya mwaka juzi angedhani sina kazi. Pamoja na hiyo nimeweka cheti cha usajili wa biashara, ripoti za kodi za KRA na mikataba yenye kazi za baada ya tarehe ya kurudi. Hizo za mwisho nazithamini sana, kwa sababu swali kubwa la afisa ni moja: huyu atarudi?

Pili, tarehe. Ombi linapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Jibu kwa kawaida ni ndani ya siku 15, lakini linaweza kufika siku 45. Hapo ndipo nilipokutana na fumbo ambalo mwongozo wowote haukunitajia. Tiketi za nyumba alimojificha Anne Frank, pale Prinsengracht, huuzwa mtandaoni tu. Hutolewa kila Jumanne, kwa ajili ya wiki ya sita inayofuata, nazo huisha haraka. Wiki sita ni siku 42. Siku 45 haziingii ndani ya 42! Anayesubiri viza kwanza anaweza kuikosa nyumba hiyo. Uamuzi wangu: nitaomba viza miezi mitatu kabla ili jibu litangulie. Jibu likichelewa, tiketi hiyo ndogo ndiyo kitu pekee nitakachonunua bila viza mkononi, maana nikiipoteza sijapoteza ng'ombe. Jumba la makumbusho la Van Gogh nalo linataka uchague saa mtandaoni, lakini hilo linaweza kungoja.

Tatu, ndege na malazi. Kwenye ombi naweka nafasi niliyoshikiwa, sio tiketi iliyolipwa, na hoteli inayoruhusu kufuta bila malipo. Kumbuka pia kwamba Amsterdam hutoza wageni kodi ya asilimia 12.5 ya bei ya chumba tangu 2024, kwa hiyo bei unayoiona kwanza huenda isiwe ya mwisho.

Rafiki yangu mmoja, naye ni mwandishi wa programu, ananipinga. Anasema tiketi iliyolipwa inaonyesha uko makini. Namheshimu, lakini hapa amekosea. Tiketi ya kurudi inaonyesha kwamba una pesa ya tiketi. Haijibu swali la kurudi. Yanayolijibu ni maisha yako ya hapa: kazi, familia, shamba, wateja wanaokungoja.

Mwingine ameniambia nimtafute "mtu wa kupanga makaratasi," yaani dalali wa kunitengenezea taarifa ya benki yenye mamilioni. Kwa hilo nitasema kwa sauti. Sisi wa Uasin Gishu tumeumia vya kutosha kwa jina la Ulaya. Mwaka 2023 wazazi waliandamana Eldoret wakidai pesa walizolipa katika mpango wa kaunti wa kupeleka watoto vyuoni Finland na Canada, na wengine walikuwa wameuza mashamba. Baada ya hayo bado tunataka kumpa pesa mtu asiyetoa hata risiti? Na kwa upande wa kiufundi ni ujinga vilevile. Nchi za Schengen zina hifadhidata moja ya viza, VIS, inayofanya kazi tangu 2011. Ukinyimwa na nchi moja, nchi nyingine inaona, na kumbukumbu hiyo inaweza kukaa miaka mitano. Tangu Oktoba 2025 kuna na mfumo mwingine, EES, unaoweka mpakani picha ya uso wako na tarehe za kuingia na kutoka badala ya mihuri. Yeyote aliyewahi kujenga mfumo anajua: data ya uongo haifi, inakungoja.

Tena, ukikutana na tovuti inayokuuzia ETIAS, funga. Huo ni mpango wa raia wa nchi zisizohitaji viza. Sisi haituhusu.

Mfumo huohuo wa EES ndio unaonipa moyo. Safari ya kwanza ya kweli, ya siku tano, ya kwenda kuona mifereji na kurudi kwa tarehe niliyosema, nayo itaandikwa humo. Ndiyo maana nakataa ushauri wa kudanganya sababu, eti niseme naenda mkutanoni ili nionekane mtu wa maana. Kwenye fomu nitaandika utalii. Wazungu wanakuja Iten na Maasai Mara kuangalia tu, wala hakuna anayewacheka. Mkenya naye ana haki ya kwenda kuangalia.

Nikifika, mengine ni mepesi. Nitatoka mji wa nyanda za juu na kushuka Schiphol, uwanja ulioko mita 3 chini ya usawa wa bahari. Treni ya kuingia mjini haifiki nusu saa. Kulipia treni na tramu unagusa kadi ya benki ukiingia na kugusa tena ukitoka, ila hapa mnaotegemea M-Pesa GlobalPay mwangalie: hiyo ni kadi ya namba tu, itakusaidia kununua tiketi za makumbusho mtandaoni, lakini hutaigusisha popote. Beba kadi ya plastiki. Na kama mashua za watalii ni ghali, nyuma ya stesheni kuu kuna feri za kuvuka maji ya IJ, na hizo ni za bure.

Mama bado hajakubali kwamba maji ya huko ni tofauti na ya Kesses. Nimemwahidi picha. Nimemwahidi pia kwamba pesa yoyote kubwa haitatoka kabla viza haijaingia, na hiyo ndiyo ahadi iliyomfanya aache kunuka hasira na kuanza kuuliza kuna baridi kiasi gani.

Miadi yangu ya Nairobi iko mwezi ujao. Nikipata nitawaambia, nikinyimwa pia nitawaambia, pamoja na sababu watakayoandika. Mliowahi kwenda, nipeni uzoefu wenu. Alamsiki.