Tusiisingizie Mashine

Muhula uliopita nilitenda kosa ambalo mwalimu wa uandishi wa habari hapaswi kulitenda, na naliandika hapa kwa sababu naamini si langu peke yangu. Niliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili kazi moja: waandike habari kuhusu huduma ya maji katika mtaa wanaoishi. Kazi moja ilinipendeza mno. Lugha yake ilitiririka, mtendaji wa mtaa alinukuliwa, mkazi alilalamika, mtaalamu akashauri. Nikaipa alama 78. Nyingine ilikuwa ukurasa mmoja na nusu, sentensi zake zikigongana. Mwandishi wake alikaa kwenye kioski cha maji tangu saa 12 asubuhi hadi saa 4, akahesabu ndoo, akaandika bei ya kila ndoo na saa ambayo bomba lilikauka. Nikaipa 46.

Wiki mbili baadaye nilimwomba mwandishi wa ile ya kwanza namba ya simu ya mtendaji aliyemnukuu. Akanyamaza. Kisha akakiri kwamba hakutoka chumbani. Mtendaji, mkazi na mtaalamu, wote walitungwa na programu ya akili mnemba ndani ya simu yake.

Tangu ChatGPT ilipotolewa kwa umma Novemba 2022, vikao vyetu vya walimu havina wimbo mwingine: simu zipigwe marufuku, inunuliwe programu ya kunasa udanganyifu, kazi zote ziandikwe kwa mkono. Siwabezi wenzangu. Lakini nawauliza: mashine iliwezaje kunidanganya mimi, niliyeifundisha kazi hii miaka mingi? Jibu linauma. Iliweza kwa sababu habari niliyozoea kuisifu haimhitaji mtu afike popote.

Fungueni gazeti la leo. Ni habari ngapi zinazoanza na kiongozi aliyesema, aliyewataka, aliyeagiza? Ngapi zimetoka kwenye semina au uzinduzi, ambako mwandishi hukabidhiwa taarifa iliyokwisha kuandikwa, pamoja na bahasha ya nauli? Habari za namna hiyo zilikuwa na kiunzi kimoja kabla kompyuta haijajua Kiswahili. Sisi walimu tuliwakaririsha vijana maswali yake: nani, nini, lini, wapi, kwa nini na vipi. Tukasahau kuwafundisha majibu hupatikanaje. Mashine hujifunza kutokana na yaliyokwisha kuandikwa. Tuliiandalia somo, nayo ikafaulu. Lile bomba lililokauka halikuwa limeandikwa popote mpaka kijana yule alipokwenda na daftari lake.

Najua nitakachoambiwa. Mwandishi wa kujitegemea hulipwa kidogo, nauli hutoka mfukoni mwake, maofisa humzungusha, sheria humtisha. Yote ni kweli. Mwaka 2018, kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipowataka wenye blogu wajisajili na walipe zaidi ya shilingi milioni 2, tulipaza sauti, na tulikuwa na haki. Lakini tuliudai uhuru wa kuchapisha kwa nguvu zote, huku wajibu wa kuchunguza tukiuacha uote majani.

Chukueni mfano mmoja. Mwaka 2016 Bunge letu lilipitisha sheria mbili. Sheria ya Huduma za Habari kila mwanafunzi wangu anaijua, maana anaiogopa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa inaitaka ofisi ya umma imjibu mwananchi aliyeomba taarifa ndani ya siku 30. Niliuliza darasani nani amewahi kuandika barua ya maombi kwa sheria hiyo. Hakuna mkono ulioinuliwa. Nami sikuinua wangu.

Nanyi watumishi wa umma mnaosoma ukurasa huu, msijitoe. Kila mnapomwambia kijana asubiri taarifa rasmi, au kwamba ninyi si wasemaji, mnamrudisha chumbani kwake, kwenye simu yake. Asipopata takwimu za maji kwenu, mashine itamtungia, na ofisi yenu itanukuliwa kwa maneno ambayo haikuyasema. Hapo mtalaumu upotoshaji, ilhali ninyi ndio mliofunga mlango.

Muhula huu sijapiga simu marufuku. Nusu ya alama ziko kwenye daftari: ulikwenda wapi, ulimwona nani, ulihesabu nini. Kila mwanafunzi ataandika barua moja ya kuomba taarifa kwa sheria ile ya 2016, na jibu atakalopewa, au kimya atakachokutana nacho, kitakuwa sehemu ya kazi yake. Atakayetumia mashine kunyoosha sentensi, aseme. Atakayeitumia kutunga shahidi, ajue kwamba nitampigia simu shahidi huyo.

Kijana wa kioski nimemwita ofisini, nimemwomba radhi na kuisahihisha kazi yake upya. Hakuonyesha kujali sana alama. Aliuliza jambo moja tu: "Mwalimu, bomba lile bado linakauka kila asubuhi. Habari ile itachapishwa wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa. Kama yupo mhariri anayesoma hapa, naomba anisaidie kumjibu.